Katiba ya Nchi na Mlango wa Ahadi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, sahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu yangu Muislamu, tangu mwisho wa mwaka 2024 neno moja linazunguka katika mji wetu wa Kalemie. Utalisikia sokoni, bandarini, kwa watu wa pikipiki, na hata kwenye baraza ya msikiti kabla ya adhana. Neno lenyewe ni Katiba. Ibadilishwe, isibadilishwe. Kila mtu ana msimamo wake, na wengi wa wenye msimamo hawajawahi kuishika Katiba yenyewe mkononi. Mimi sikusoma shule ya sheria, nilisoma chuoni. Lakini chuoni tulifundishwa mlango unaohusu jambo hili moja kwa moja, nao ni mlango wa ahadi na amana. Kwa mlango huo nataka kuingia nawe leo.

Wapo watakaosema: Shehe, hayo ni mambo ya wanasiasa wa Kinshasa, na Katiba yenyewe katika kifungu chake cha kwanza inasema leta haina dini, basi Muislamu ana kazi gani nayo? Ninawajibu hivi. Leta kutokuwa na dini rasmi si sawa na kumkana Mungu. Katiba hiyo hiyo, katika maneno yake ya utangulizi, wananchi wanakiri kwamba wana jukumu mbele ya Mungu, mbele ya taifa, mbele ya Afrika na ulimwengu. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dini yake. Na kifungu cha 74 kinamtaka Rais, kabla hajakaa kwenye kiti, aape mbele ya Mungu na taifa kwamba ataishika na kuilinda Katiba. Basi aliyemtaja Mungu katika kiapo ameyaleta mambo haya msikitini yeye mwenyewe, hatukumwita sisi.

Tena tazama mwendo wa Mtume (s.a.w.). Kabla ya kupewa utume, mfanyabiashara mmoja kutoka Yemen alidhulumiwa mali yake mjini Makka na mkubwa mmoja wa Makuraishi. Watu wenye haya wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakafunga ahadi kwamba hawatamwacha aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Ahadi hiyo inaitwa Hilf al-Fudul. Waliofunga hawakuwa Waislamu, maana Uislamu ulikuwa bado. Mtume alikuwapo, kijana, na baadaye, Uislamu umeshasimama, alisema kwamba lau angeitwa tena kwa ahadi ile angeitika. Kwa hiyo jambo la haki mkilikubaliana na jirani asiye wa dini yako linakufunga. Na sura ya Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba yao, bila ya kusema mikataba na nani.

Sasa tuulize: sisi tulifunga lini? Wenye umri mnakumbuka. Jumatatu ya tarehe 5 Desemba 2005 ardhi ilitetemeka hapa kwetu, nyumba zikaanguka, watu wakalala nje kwa hofu. Siku kumi na tatu baadaye, Jumapili na Jumatatu, tarehe 18 na 19 Desemba, nchi nzima iliitwa kwenye referandumu. Watu wa Kalemie, wengine kuta za nyumba zao zikiwa bado chini, walipanga mstari wakapiga kura. Kwa nchi nzima, karibu watu 84 katika kila mia waliopiga kura walisema ndiyo. Tarehe 18 Februari 2006 Katiba ikatangazwa. Watu hawakupanga mstari kwa sababu walipenda karatasi. Walikuwa wametoka katika vita iliyoanza 1998, mji huu ulikaa mikononi mwa waasi wa RCD miaka mingi, na kila nyumba ilikuwa na maiti yake. Utangulizi wa Katiba unaeleza chanzo cha maangamizi yale: dhuluma, watu kutoadhibiwa kwa makosa yao, upendeleo wa ndugu, wa kabila na wa jimbo. Tulikubaliana kwamba hayo basi.

Haikuwa Katiba ya kwanza. Tulikuwa na Sheria ya Msingi ya 1960, iliyotungwa Ubelgiji kabla ya uhuru. Tukawa na Katiba ya Luluabourg ya 1964, ambayo haikumaliza hata miaka miwili kabla ya jeshi kuchukua nchi tarehe 24 Novemba 1965. Tukapewa ya Mobutu ya 1967, akaipindapinda alivyotaka. Nayataja haya ili asidhani mtu kwamba kuandika peke yake kunatosha.

Basi je, waliopewa kuishika hii ya 2006 wameishika? Muumini anatakiwa aseme kweli hata juu ya anayemchukia, basi tuanze na lililotimizwa. Kifungu cha 70 kinampa Rais miaka mitano, na kuchaguliwa tena mara moja tu, na kifungu cha 220 kinakataza kabisa kugusa jambo hilo. Uchaguzi uliopaswa kufanyika 2016 ulicheleweshwa mpaka tarehe 30 Desemba 2018. Watu waliandamana, wengine waliuawa barabarani Kinshasa na kwingine, na Maaskofu wa Kikatoliki wakasimamia mapatano ya tarehe 31 Desemba 2016. Lakini mwishowe, Januari 2019, Rais mmoja alimkabidhi mwingine akiwa hai, bila bunduki, jambo ambalo nchi yetu haikuwa imeliona tangu uhuru. Ubishi juu ya hesabu ya kura ulikuwapo na haujasahaulika. Hata hivyo kifungu kile kilizuia. Karatasi ilizuia kwa kuwa watu waliishikilia.

Sasa lisilotimizwa. Katiba iliahidi majimbo 25 pamoja na mji wa Kinshasa, na muda ukawekwa: miezi 36 tangu taasisi mpya ziwekwe. Muda ukapita. Wakafanya nini? Januari 2011 walibadilisha vifungu kadhaa, na kimojawapo ni hicho chenye muda. Waliposhindwa kuifikia tarehe, waliifuta tarehe! Jimbo letu la Tanganyika lilizaliwa 2015, Katanga ilipogawanywa. Na kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, nayo ikatwe pale pale inapokusanywa, isiende Kinshasa kwanza. Mpaka leo majimbo yanangoja Kinshasa iwarudishie, na kinachorudi ni kidogo na hakina siku maalumu. Mtu wa Nyunzu au Moba anayeona barabara imekufa na hospitali haina dawa, anamlaumu gavana, na gavana naye anaelekeza kidole Kinshasa. Kila mmoja ana wa kumlaumu.

Shule: kifungu cha 43 kinasema shule ya msingi ya leta ni bure. Ilisemwa 2006, ikaanza kutendwa Septemba 2019. Hesabu mwenyewe, miaka kumi na tatu. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza Katiba ilipotangazwa alikuwa mtu mzima. Tunashukuru kwamba imeanza, na walioianza wana thawabu yao, lakini madarasa yamejaa watoto wamekaa chini, wako walimu wanaofundisha bila mshahara, na wazazi wengi bado wanaombwa pesa kwa majina mapya.

Nataka nikae zaidi kwenye jambo moja ambalo halisemwi sana, nami naliona ni kubwa kuliko hayo. Kifungu cha 1 kinataja lugha nne za taifa, na Kiswahili kimo. Kifungu cha 142 kinaiamrisha serikali kwamba kila sheria, ndani ya siku 60, isambazwe kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne. Kifungu cha 45 kinaamrisha Katiba yenyewe ifundishwe kwa watu. Ewe unayesoma, umewahi kuletewa sheria kwa Kiswahili? Mama anayeuza ndagala Kalemie, mvuvi wa Moba, mkulima wa Kongolo, nani amewasomea?

Na ujue maana yake. Kifungu cha 17 kinasema kosa ni la aliyelitenda, mtu hakamatwi kwa kosa la mwingine. Haya ni yale yale ya Mwenyezi Mungu katika sura ya Al-An'am, kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aelezwe papo hapo sababu, tena kwa lugha anayoifahamu, aruhusiwe kuwasiliana na jamaa zake, na asikae kasho zaidi ya masaa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya sheria. Mangapi tunayaona? Kijana amekosa, baba anakamatwa ili kijana ajitokeze. Mtu analala kasho siku nne, tano, mpaka ndugu zake wauze mbuzi. Anasomewa karatasi ya Kifaransa, anaambiwa tia kidole hapa. Na jamaa zake wanalipa na kushukuru, wakidhani wamefanyiwa hisani, kumbe wamenunua kilichokuwa chao.

Hapa ndipo nakumbuka mali ya yatima. Katika sura ya An-Nisa Mwenyezi Mungu anawaonya wasimamizi wa mayatima wasibadilishe kizuri kwa kibaya na wasile mali yao pamoja na yao, na wanapowakabidhi, waweke mashahidi. Kwa nini mashahidi? Kwa sababu yatima alikuwa mdogo urithi ulipowekwa, hajui aliachiwa nini. Msimamizi mbaya hahitaji kumpiga yatima. Inatosha asimwonyeshe wasia. Raia asiyejua kilichoandikwa kwa ajili yake ni yatima wa namna hiyo, ana mali na anaomba.

Na sasa msimamizi anasema wasia ni wa zamani. Tarehe 23 Oktoba 2024, Rais akiwa Kisangani, alitangaza kwamba Katiba haiendani tena na nchi, kwamba iliandikwa nje na wageni, na kwamba tume itawekwa kuitazama. Tuwe waadilifu. Kubadilisha Katiba si haramu, si Qur'ani. Kifungu cha 218 kinaeleza njia ya kuibadilisha. Ina kasoro, na mwenye akili anaweza kuzitaja. Ama ya kwamba ni ya wageni, rasimu ilitoka katika Seneti ya kipindi cha mpito, Bunge likaipitisha Mei 2005, kisha sisi tukaipigia kura. Hata kama mgeni alimshauri mwandishi, mwenye kuoa ni aliyesema nimekubali, si aliyeandika cheti.

Lakini swali langu si hilo. Swali langu ni: mwenye deni anaweza kusema mkataba wa deni umechakaa, kabla hajalipa? Ikiwa asilimia 40 haijakatwa mahali pake hata mwaka mmoja, tunajuaje kwamba kifungu hicho ni kibaya? Ikiwa sheria haijafika kijijini kwa Kiswahili, tunajuaje kwamba watu wameikataa? Dawa ambayo mgonjwa hajaimeza huwezi kuisema haiponyi. Na zaidi ya yote, mwenye kushika amana anapotaka kubadilisha masharti ya amana, na miongoni mwa masharti hayo mna siku yake ya kuikabidhi, ana haki gani ya kukasirika watu wakimuuliza? Rais wa sasa aliapishwa kwa muhula wa pili Januari 2024. Kwa Katiba hii ni wa mwisho. Basi watu wanauliza, na kuuliza si uasi.

Kijana mmoja aliniambia: Shehe, wao wameivunja miaka yote, sisi inatufunga kwa nini? Hata Mtume, Makuraishi walipovunja mapatano ya Hudaybiya, alikwenda Makka.

Ni hoja nzito, inataka jibu. Kwanza ajue yale yaliyotangulia. Siku ya Hudaybiya, kabla wino haujakauka, alifika Abu Jandal amefungwa minyororo, akilia aokolewe na Makuraishi, na mkataba ulisema arudishwe. Masahaba iliwauma sana. Mtume alimrudisha, akampa subira na tumaini la faraja kutoka kwa Mola wake. Mkataba ulishikwa siku ulipouma. Ni kweli ulikufa baadaye, upande wa pili ulipouvunja kwa damu. Lakini pili, na hili ndilo jibu lenyewe, Katiba si mkataba baina yetu na serikali. Soma mwanzo wake: wanaosema ni wananchi wa Kongo. Ni mkataba wetu sisi kwa sisi, Mluba na Mtabwa, Mholoholo na Mbembe, Muislamu na Mkristo. Serikali ni wakili tuliyemweka asimamie. Watu watatu wamenunua mtumbwi na taa na wavu, wamekubaliana namna ya kugawana ndagala, wakamweka msimamizi. Msimamizi akiiba, je, wale watatu wanaruhusiwa kuibiana? Mkataba wao uko pale pale. Wanachofanya ni kumtaka hesabu msimamizi, na ikibidi kumtoa.

Kwa hiyo hata wale wenye bunduki, walioingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, wakisema serikali imevunja sheria, hawana hoja kwetu. Kifungu cha 64 kinakataza kuchukua utawala kwa nguvu. Tuliwaona ndugu zetu wa Kivu wakishuka kwenye maboti hapa bandarini na watoto na magodoro. Wizi wa msimamizi hauponywi kwa kuzamisha mtumbwi na wenyewe ndani.

Na ikiwa ni mkataba wetu sisi kwa sisi, ndugu yangu, basi tuna hesabu yetu. Kifungu cha 51 kinaitaka leta ihakikishe makabila yote yanaishi kwa amani na iwalinde wanyonge, na kifungu cha 13 kinakataza kumbagua mtu kwa kabila lake. Katika jimbo hili hili, tangu 2013, na kwa ukali zaidi tangu 2016, Watwa na Waluba waliuana kwa mishale na mapanga, katika Nyunzu, Manono, Kabalo na Kalemie. Vijiji vilichomwa, maelfu kwa maelfu wakajenga vibanda vya majani kuuzunguka mji huu. Ni Kinshasa iliyoshika mishale? Serikali ilichelewa, ndiyo, lakini chuki ilikuwa yetu, ilianza na Mtwa kufanyishwa kazi shambani kwa chumvi kidogo na pombe, kukatazwa kuketi pamoja, kuitwa si mtu. Sheria ya kuwalinda Watwa ilitangazwa tarehe 15 Julai 2022. Sawa. Lakini Mtwa akiingia msikitini mwetu, nani anasogea ampe nafasi kwenye safu, na nani anasogea ili asiguswe naye? Bilal alipanda juu ya Kaaba kuadhini, na wapo wakubwa wa Makka waliochukia kumwona pale. Tusiwe sisi hao wenye kuchukia, halafu tukaidai leta usawa.

Nini la kufanya? Abu Bakr (r.a.) alipochaguliwa aliwaambia watu kwamba amepewa uongozi naye si mbora wao, akifanya vizuri wamsaidie, akikosea wamnyoshe. Kumnyosha mtawala kwa neno ni sunna ya masahaba. Na Katiba imeiwekea njia: kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kumwandikia mwenye mamlaka ombi lake, naye anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na mwombaji hashtakiwi kwa kuomba. Wanaojua kuandika miongoni mwetu tayari wanatengeneza barua ya kuomba kwa leta mambo mawili tu, si kumi: sheria zisambazwe kwa Kiswahili kama kifungu cha 142 kinavyosema, na kifungu cha 18 kibandikwe kwa Kiswahili kwenye mlango wa kila kasho la jimbo.

Barua itakuwa kwenye meza ya uani baada ya swala ya leo. Itasomwa kwa sauti kwanza, kisha anayetaka atie sahihi, na asiyejua kuandika atie kidole akiwa amesikia anachokitilia. Kina mama watasomewa upande wao. Kuanzia Jumamosi baada ya Alasiri tutasoma Katiba kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, na jirani asiye Muislamu anakaribishwa.

Wabillahi tawfiq.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiisome khatibu akiwa juu ya mimbari, usiitupe chini, na ukishamaliza mpe mwingine.